Sileji ya mabingobingo isiyooza: navyofanya mimi, kuanzia panga mpaka kwenye hori

Wafugaji wenzangu habari zenu. Najua saa hizi masika yakiwa yanaelekea mwisho kila mtu ana majani, huku kwetu Kilimanjaro mabingobingo yamejaa mpaka kingo za mifereji, ng'ombe anakula anachagua majani laini anabakiza mashina, na wewe unapita unaona shamba la kijani unasema mwaka huu tumeshinda. Alafu mwezi wa tisa yule yule ng'ombe anasimama hori tupu analia na maziwa yameshuka kutoka ndoo mpaka kikombe. Mama yangu mzazi alikuwa anashuka tambarare saa kumi na moja alfajiri kutafuta majani, anarudi na mzigo kichwani akipanda mlima mpaka shingo inamuuma, miaka na miaka, na wakati huo huo mwezi wa tano tulikuwa tunaacha majani yanakomaa yanageuka miti shambani. Ndo maana hii habari ya sileji, yani majani mabichi yanayovundikwa bila hewa yakae mpaka kiangazi, naiongea kwa moyo wote, yale majani aliyokuwa anayafuata mama huko chini tulikuwa nayo nyumbani, hatukujua tu namna ya kuyaweka.

Sasa tuelewane kitu kimoja kabla hujashika panga. Sileji ya nyasi siyo sileji ya mahindi. Wengi wanaofundishwa wanafundishwa ya mahindi, unakata unasaga unashindilia unafunika basi, na kwa mahindi inakubali kwa sababu mahindi yakiwa na punje zilizopita maziwa na kuanza kukaza yana sukari ya kutosha na maji yake yameshapungua. Ukichukua njia ile ile ukaipeleka kwenye mabingobingo inaoza. Mimi mwaka wa kwanza ndo ilivyonikuta, nilikata majani yameshapita kichwa changu, nikayakatakata kwa panga vipande vya kiganja, nikajaza shimo siku tatu, sikuweka kitu kingine chochote, nikafunika. Nilipofungua ilikuwa nyeusi inateleza, harufu yake inakaa kwenye nguo hata ukifua, ng'ombe akanusa akageuza kichwa. Shimo zima nikalirudisha shambani kama mbolea.

Tatizo ni nini. Kuvundika sileji ni kama kugandisha mtindi, kuna bakteria wanakula sukari wanatoa asidi, ile asidi ikizidi wadudu wengine waozeshaji wanashindwa kuishi na chakula kinakaa. Sasa ili wale bakteria wazuri washinde wanataka vitu vitatu, sukari ya kula, hewa isiwepo, na maji yasizidi. Nyasi zetu za joto zina upungufu kwenye vyote vitatu. Nyasi za nchi za baridi kama Uingereza zinahifadhi sukari ambayo bakteria wanaila moja kwa moja, za kwetu zinahifadhi zaidi wanga, na bakteria wengi wa sileji hawawezi kuuvunja wanga. Shina la bingobingo nalo ni gumu, linakataa kulala, linaacha mianya ya hewa. Na likikatwa bichi likiwa bado changa, katika kilo 100 unakuta kilo 80 au zaidi ni maji matupu. Kwa hiyo kila hatua nitakayoieleza hapa chini ni ya kupambana na kimojawapo kati ya hivyo, ukiruka hatua ujue umemwachia adui mlango gani.

Hesabu kwanza, shimo baadaye

Watu wanachimba shimo kwa macho, mimi nakuomba uchimbe kwa hesabu. Ng'ombe wa maziwa wa kilo kama 400 anahitaji chakula kikavu karibu kilo 12 kwa siku, yani ukitoa maji yote. Sileji ya kilo 20 iliyotengenezwa vizuri ina kama kilo 6 kavu, kwa hiyo inashika nusu ya tumbo na nusu nyingine unajaza na mabua, majani ya migomba, pumba, mashudu na vile ulivyonavyo. Ukitaka kumvusha siku 90 za kiangazi ni kilo 20 mara 90, kilo 1,800, weka na za kuharibika na kumwagika maana hazikosekani, fanya tani 2.2 kwa ng'ombe mmoja. Mita moja ya ujazo ukiikanyaga kwa miguu sawasawa inabeba kama kilo 400 mpaka 500, kwa hiyo unahitaji kama mita 5 za ujazo, yani shimo la urefu wa mita 3, upana mita moja na nusu, kina mita moja na kidogo. Huyo ni ng'ombe mmoja. Na kwa kuwa majani yakinyauka yanapungua uzito, kupata hizo tani 2.2 shambani lazima ukate tani 3 na zaidi za majani mabichi. Ukiona huna majani ya kiasi hicho usichimbe shimo kubwa, tumia mfuko au pipa, shimo lililojazwa nusu linaharibika zaidi ya dogo lililojaa.

Kukata: usisubiri yawe marefu

Hapa ndo wengi tunapotea maana tunapenda wingi. Bingobingo likiwa na wiki 6 mpaka 8 tangu likatwe mara ya mwisho, urefu mita moja hivi mpaka mita moja na robo, ndo lina protini ya maana, kama asilimia 8 mpaka 10 kama shamba lina mbolea. Ukiliacha mpaka mita mbili na nusu unapata mzigo mkubwa kweli lakini protini imeshuka mpaka 5 au 6, na ikishuka chini ya 7 hata wale bakteria wa tumboni mwa ng'ombe wanaomsaidia kusaga chakula wanalegea, anashindwa kula vya kutosha. Sileji haiongezi lishe, wekeni hilo kichwani jamani, inatunza kile ulichokiingiza. Ukiingiza miti utatoa miti iliyochacha.

Kwahiyo panga kuanzia nyuma. Kama unataka kuvundika mwisho wa mwezi wa tano au mwezi wa sita mwanzoni, fyeka shamba mwezi wa nne, wapewe ng'ombe mabichi, mwaga samadi, yale yatakayochipua ndo ya shimo. Kwetu mlimani usingoje mwezi wa saba, huo ni mwezi wa baridi na ukungu, jua halionekani na majani hayanyauki kabisa. Wa tambarare na wa Tanga au Morogoro nyie mna jua la kutosha. Na vuli nayo isiachwe, majani ya mwezi wa kumi na mbili ukiyavundika yanakuvusha ile januari na februari ya jua kali.

Kata umande ukishakauka, acha mashina kama upana wa kiganja kutoka chini yachipue vizuri, na usiburuze majani kwenye udongo wala usiyatandaze pale samadi ilipomwagwa juzi. Udongo na mavi ndo vinabeba wale bakteria wabaya wanaoleta uvundo, ukiingiza udongo kwenye shimo umewaalika mwenyewe.

Kuhusu aina ya nyasi, mimi natumia mabingobingo kwa kuwa ndo yapo, Kenya wanayaita nepia. Super nepia nayo ni ndugu yake wa karibu, inakua haraka ina maji mengi zaidi, inatakiwa inyaushwe zaidi. Gwatemala inavumilia ukame lakini lishe yake ni ndogo, mi naichanganya kidogo sijazi shimo zima. Brakiaria ni nzuri sana, shina jembamba linashindilika vizuri. Majani ya Rhodes kwa maoni yangu yakaushe tu uweke kama hei, yanakauka haraka, haina haja ya kuyasumbua na shimo. Na migomba, najua kwetu kila mtu atauliza, shina la mgomba ni maji karibu lote, lipe bichi moja kwa moja, usiliingize kwenye sileji.

Kunyausha

Tandaza majani yaliyokatwa, tabaka jembamba, siku moja ya jua zuri inatosha, geuza mara moja mchana. Sehemu ya jua kali kama tambarare ukikata asubuhi kufikia jioni au kesho yake asubuhi yako tayari. Unapima kwa mkono, hakuna haja ya mashine. Chukua majani yaliyokwisha kukatwakatwa, yajaze kiganjani, yaminye kwa nguvu kama nusu dakika alafu fungua mkono. Maji yakidondoka katikati ya vidole bado sana. Maji yasidondoke lakini donge likabaki limeshikana na kiganja kimelowa, bado kidogo. Donge likifunguka polepole na kiganja kina unyevu tu, hapo hapo, usichelewe. Likitawanyika mara moja kama makapi umepitiliza, halitashindilika, nyunyiza maji kidogo au lichanganye na majani mabichi zaidi.

Mvua ikikukamata je? Imenikuta mara nyingi. Majani yaliyonyeshewa baada ya kukatwa yanapoteza sukari, kwa hiyo ukiona mawingu usikate, na kama umeshakata basi yaingize kwenye turubai au chini ya paa la banda. Ukikosa jua kabisa tumia pumba ya mahindi, kilo 5 kwenye kila kilo 100 za majani, na kama yameloa sana weka mpaka kilo 10. Pumba inanyonya maji na inaongeza lishe, ni gharama lakini haipotei, ng'ombe atakuja kuila tu.

Kukatakata

Vipande viwe sentimita 2 mpaka 3. Siyo kiganja, siyo kidole kizima, ni pingili moja ya kidole kidogo hivi. Sababu ni mbili, kwanza vipande vifupi vinalala havifichi hewa, pili shina likikatika utomvu wenye sukari unatoka na bakteria wanaufikia. Kama kijiji kina mashine ya kukatia majani, ya umeme au ya petroli, ikodishe hata kwa siku moja, kwenye kazi hii nzima ndo hela iliyonirudia haraka kuliko zote. Kwa panga inawezekana kwa pipa moja au mfuko mmoja, tani mbili kwa panga mtachoka, na mkichoka vipande vinaanza kuwa virefu na hapo ndo kuoza kunaanzia. Jamani na mashine iangaliwe, usilishe kwa mkono karibu na visu, sukuma kwa majani mengine au kwa mti, usivae khanga inayoning'inia wala mikono mirefu iliyolegea, na watoto wakae mbali kabisa.

Molasesi

Hii ndo sukari tunayoikopesha nyasi, ule uji mzito mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatengenezwa. Kiasi ni kilo 3 mpaka 4 kwa kila kilo 100 za majani yaliyonyauka. Sasa molasesi ni nzito kuliko maji, lita moja ina kama kilo moja na nusu kasoro, kwa hiyo dumu la lita 20 ni karibu kilo 28 na linatosha majani ya kilo 700 mpaka 900. Kwa lile shimo letu la tani 2.2 ni madumu matatu. Huku kwetu inatoka kiwanda cha sukari cha TPC pale chini Moshi, kwingine Kilombero, Mtibwa, Kagera, na wauzaji wanaipitisha mpaka maduka ya pembejeo.

Ila pima. Mimi kuna mwaka niliuziwa molasesi imeongezwa maji, sikujua mpaka nilipofungua shimo mwezi wa nane nikakuta nusu imeharibika, na majani yalikuwa mazuri, nimenyausha vizuri, nimekanyaga vizuri. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nabeba mzani. Dumu la lita 20 likija na kilo 22 au 23 hiyo siyo molasesi, ni maji yenye rangi. Na ukichovya mti ikatiririka kama chai, iache hapo hapo, nzuri inavutika inadondoka polepole kama asali.

Ya kunyunyizia ichanganye na maji ya uvuguvugu, moja kwa moja, yani lita ya molasesi na lita ya maji, majani yakiwa makavu kidogo unaweza kufika maji lita mbili. Watu wanaweka maji ndoo kwa ndoo ili ienee, alafu wanashangaa shimo limekuwa bwawa, kumbuka umetoka kuyanyausha hayo majani. Tumia keni ya kumwagilia mboga yenye matundu, au ukikosa, kopo na tawi la majani unarushia rushia, muhimu isikae sehemu moja kama ziwa na kwingine pakavu.

Ukikosa molasesi kabisa, pumba ya mahindi kilo 5 mpaka 10 kwa mia, au muwa uliosagwa pamoja na majani, au mihogo mikavu iliyotwangwa. Haifikii molasesi lakini ni bora mara mia kuliko kuweka hivi hivi. Zile pakiti za bakteria zinazouzwa madukani zinasaidia, ila bakteria bila sukari ni wageni umewaita chakula hakuna, usinunue pakiti ukaacha molasesi. Urea mimi siweki kwenye sileji ya nyasi na simshauri mtu wa ng'ombe wawili watatu aweke, inapunguza makali ya asidi tunayoitafuta na ukikosea kipimo inaua ng'ombe.

Kuna kitu kizuri cha kuongeza nacho ni mikunde. Lusina, kaliandra, desmodiamu, ukichanganya fungu moja la mikunde kwa mafungu matatu ya mabingobingo protini inapanda na unaona kwenye maziwa. Usizidishe hapo maana mikunde nayo inagoma kuchachuka vizuri, ukiweka nusu kwa nusu unaongeza hatari ya kuoza.

Kujaza na kukanyaga

Shimo lichimbwe sehemu iliyoinuka, maji ya mvua yasiingie, mbali na shimo la samadi, karibu na banda maana utabeba kila siku. Kuta ziwe na mteremko kidogo kuja ndani siyo wima kabisa, ili majani yakishuka yashuke yamebana ukuta. Tandika nailoni chini na pembeni, ile nzito, siyo ya mifuko ya sokoni. Ukikosa ya kutosha chini weka majani makavu tabaka nene, nailoni uibakize ya pembeni na ya juu, juu usibahatishe.

Jaza tabaka la sentimita 15 hivi, nyunyiza molasesi, kanyaga. Tabaka jingine, nyunyiza, kanyaga. Kukanyaga siyo kupita juu, ni kukanyaga mpaka mguu hauzami, anzia pembeni kwenye kuta na kwenye kona maana huko ndo hewa inajificha, alafu uje katikati. Watu wazima watatu wanne wenye miguu misafi au gambuti zilizooshwa, na pipa la lita 200 lililojazwa maji likiviringishwa juu linasaidia sana kwa shimo refu. Mimi huwa naita majirani, ni kama msaragambo mdogo, leo kwangu keshokutwa kwa jirani, mama watoto anapika kande na tunamaliza jioni. Na hiyo ni sharti, limalizike siku hiyo hiyo. Shimo likilala wazi usiku mmoja majani yanapumua, yanapata joto, sukari uliyonunua inaungua bure kabla bakteria hawajaipata. Ukiweka mkono ndani ukasikia moto ujue ndo hiyo inapotea.

Jaza mpaka upite usawa wa ardhi, juu pawe na mgongo kama kaburi jipya, maana litashuka. Funika nailoni, kunja pembeni vizuri, alafu udongo juu yake kuanzia upande mmoja kwenda mwingine ukisukuma hewa itoke, unene wa sentimita 20 mpaka 30. Chimba mfereji kuzunguka maji yapite. Wiki ya kwanza litatitia na litapasuka udongo, kila asubuhi pita uzibe nyufa. Usipande juu yake, mbuzi na kuku wasifike, weka miba kama ipo.

Wa mfuko, ile nailoni ya bomba yenye upana wa mita moja na nusu, kata urefu wa mita mbili na nusu, funga chini kwa kamba ya mpira mara mbili, jaza kwa tabaka mtu mmoja akiwa ndani anakanyaga bila viatu, unapata kama kilo 400 mpaka 500 kwa mfuko. Kamua hewa, nyonga mdomo, kunja, funga. Weka kivulini kwa sababu jua linakula nailoni, na panya ndo adui mkubwa, tundu la panya moja linaharibu eneo la ndoo nzima. Weka mifuko juu ya chanja safi, zunguka kila baada ya siku mbili tatu na gundi pana ya nailoni mkononi. Pipa la plastiki la lita 200 lenye kifuniko cha kubana linabeba kilo 80 mpaka 100, kwa mtu wa mbuzi wa maziwa au anayetaka kujaribu kwanza mi ningemshauri aanzie hapo, panya hawaingii na ukikosea umepoteza pipa moja siyo shimo.

Kufungua

Siku 21 ndo mapema kabisa, mi nasubiri siku 40 hivi. Ikiwa imefungwa vizuri hewa haingii inakaa hata mwaka, kwahiyo huna haraka, fungua pale majani mabichi yanapoisha kweli. Fungua upande mmoja tu, ule ulio chini kwa mteremko, kata kama unavyokata mkate, kutoka juu mpaka chini, kila siku, alafu rudisha nailoni uikandamize. Usichote katikati ukaacha pango. Joto la kwetu sileji iliyoguswa na hewa inaanza kuharibika siku ya pili, kwahiyo toa ya siku hiyo tu.

Nusa kabla ya kulisha, pua yako ndo maabara. Nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea manjano kama zeituni, harufu kali kidogo tamu kama tunda lililoanza kuchacha au mtindi, ukishika haitelezi na vipande bado unavitambua. Ikinukia mbege, ile pombe yetu ya ndizi, hamira imekula sukari, haidhuru sana ila lishe imepungua na ukifungua inaharibika haraka. Ikinukia siki kali sana ilikuwa na maji mengi, anza na kidogo wataizoea. Ya kahawia yenye harufu ya tumbaku au sukari iliyoungua, ng'ombe wataipenda sana lakini usidanganyike, ilipata moto na protini yake imefungwa, tumbo la ng'ombe haliipati, ongeza mashudu. Ile yenye harufu ya siagi iliyooza au mavi, nyeusi inateleza, na yoyote yenye ukungu mweupe au wa bluu, tupa, na usikate tu ile sehemu unayoiona, toa na kiganja kizima cha pembeni yake. Usiipe mbuzi wala nguruwe ukasema wao ni wagumu. Sileji mbovu inaweza kufanya mnyama atupe mimba, na kondoo na mbuzi ndo inawaumiza zaidi.

Kulisha

Anza na kilo 3 mpaka 5 kwa siku ukiichanganya na majani aliyozoea, panda kidogo kidogo kwa wiki moja mpaka siku kumi ufike kilo 15 au 20. Wengine watakataa siku mbili za kwanza, nyunyizia pumba juu, watakubali. Lisha baada ya kukamua, siyo kabla, maziwa yanashika harufu na mteja wako ataijua siku hiyo hiyo, na usirundike sileji pale unapokamulia. Safisha hori kila siku mabaki ya jana yasikae. Ndama chini ya miezi mitatu usimpe, mbuzi wa maziwa kilo moja mpaka mbili kwa siku inatosha.

Na usitegemee sileji peke yake ikupandishie maziwa. Ng'ombe anayekamuliwa anataka protini kama asilimia 14 mpaka 16 kwenye chakula chake chote, hii yetu ikiwa nzuri ina 8 mpaka 10, lazima pengo lizibwe, mashudu ya alizeti au pamba, majani ya lusina mabichi au makavu, pumba, na jiwe la chumvi au madini, na maji yasikauke mchana wala usiku. Mwaka jana mwezi wa tisa wangu wawili walibaki palepale walipokuwa mwezi wa saba, hawakupanda ila hawakushuka, na sikununua mzigo hata mmoja wa majani ya kubebwa kutoka chini.

Shimo likiisha toa mabaki yote, fagia, liache lipigwe na jua. Nailoni ioshe kwa maji, ianike ikauke, ziba matundu, kunja uiweke juu ya dari ndani ya pipa au kiroba panya wasiione, ikitunzwa itakutumikia msimu mwingine kwa ajili ya pembeni na chini, ya juu nunua mpya. Na siku ile ile uliyokata majani ya shimo usisahau shamba, kila shina liwekewe samadi iliyooza na udongo kidogo, ukiona shina linachipua majani madogo madogo ya njano yaliyodumaa ling'oe lote na mizizi ulichome, huo ni ugonjwa wa kudumaa, usichukue pando kutoka hapo wala usimgawie jirani.